Askofu wa Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimeaminiwa. Tena na mama mkwe. Miaka yote hii ananiita "mtu wa mipango", na anavyolitamka utadhani ni ugonjwa. Leo kahamishia sebuleni kwetu tangi lake la kioo, samaki na vyote, kwa sababu anakwenda Nyololo kumuuguza dada yake Lusia aliyevunjika mguu.

Hakuniambia mimi, bila shaka. Mama mkwe anashika mila. Mkwe wa kiume hapewi mkono, mtu hali naye sahani moja, wala hasemeshwi uso kwa uso. Akiwa na neno langu humpa mke wangu Verediana. Mimi nipo hapo hapo kitini, nasikia yote, kisha nasubiri kuambiwa. Zamani alimtumia binti yetu Happy, lakini sasa Happy yuko shule ya bweni. Basi leo akasema, "Vere, mwambie Baba Happy, Askofu namwacha mikononi mwake."

Askofu ni samaki. Mkubwa, mweupe, mapezi marefu yanamfuata nyuma kama joho. Anaogelea pole pole kama anabariki watu. Wenzake ni vidagaa wapole wasio na majina.

Tangi aliletewa na Peter wa Mbeya, aliyemwoa dada yake Verediana. Kila mgeni lazima aambiwe: hili kaleta Peter. Mimi niliwahi kumletea sungura. Hawazungumziwi.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata mpango. Tangi limepooza. Mama mkwe akirudi akute uhai humo ndani, aulize nani kafanya hivi, Verediana amjibu.

Nimekwenda mjini kwa Abdul, anayeuza samaki wa mapambo. Nikapenda wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeusi. Wepesi, hawatulii. Abdul akaniambia hao ni wa kundi, nichukue sita kwenda juu, wakiwa wachache wanageukia wenzao. Tena wasikae na samaki mzito mwenye mapezi marefu.

Mfanyabiashara gani atakwambia uchukue wachache? Nimechukua watatu. Abdul kaguna, kafunga mfuko.

Saa moja jioni wapo tangini. Wamekwenda moja kwa moja kwa Askofu na kumbusu mkia. Heshima hiyo.

Alhamisi, 5 Juni

Si heshima.

Wanamng'ata. Mmoja anatokea mbele kumshughulisha, wawili wanapita nyuma. Joho limepungua robo na lililobaki lina meno meno. Verediana kasimama mbele ya kioo na kikombe chake cha chai, kauliza mbona Askofu amekuwa shemasi.

Nikamwambia anakua. Mwili unakua haraka kuliko mapezi, ni kawaida kwa samaki. Akanitazama. Miaka kumi na sita ya ndoa imo kwenye yale macho.

Nimewaza: mwenye shibe hagombani. Nimewapa chakula mara tatu ya kawaida, na ugali kidogo wa jana. Maji yamekuwa kama uji. Watatu wale wamepata nguvu mpya.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya aibu. Jumuiya ilisali kwetu. Nilisahau kabisa kwamba ni zamu yetu.

Nililifunika tangi kwa kitenge cha Verediana, nikawaambia watu samaki wamelala. Tulipofika fumbo la tatu la rozari kitenge kikateleza. Askofu kapita akikimbia, watatu nyuma yake. Akarudi, nao wakarudi. Watu wakaendelea kusali lakini vichwa vyote vilikuwa vinafuata, kulia, kushoto. Mwishowe mwenyekiti wetu, Mama Faustina, akashusha rozari na kuuliza kwa upole kama huyo si Askofu wa mama yetu, na kama kuna mtu anamsaidia.

Nikasema wanacheza. Nilikuwa nimepiga magoti wakati nasema.

Jioni likaja baya zaidi. Mama mkwe ameagiza kupitia kwa Verediana apigwe picha Askofu, amemkumbuka. Verediana kanipa simu akaenda jikoni. Nikatuma picha niliyopiga Jumatatu, joho likiwa zima.

Jibu limekuja kwenye grupu la familia, watu wote wanasoma. Anasema Vere mwambie Baba Happy kazi yake ameiona, na kwamba binadamu tusidharauliane. Peter kaweka dole gumba.

Nimeusubiri ujumbe kama huo tangu nioe. Niliusoma mara mbili, nikalaza simu kifudifudi.

Jumapili, 8 Juni

Mpango mpya. Nimeegemeza kioo cha Verediana cha kujitazamia ubavuni mwa tangi. Wale watatu wakaona wageni watatu, wakaacha kila kitu wakaenda kuwatisha. Nusu siku nzima ya amani! Nilikunywa chai nimekaa kama watu.

Saa tisa wakazoea. Na sasa Askofu naye amejiona. Amekwenda nyuma ya jiwe, hataki kutoka. Nilimwelewa.

Nimempigia Abdul. Kasema yale yale: waongeze wawe kundi wasumbuane wenyewe kwa wenyewe, au waondoe. Kuongeza siwezi, nitakuwa nimekubali kwamba alisema kweli. Kesho nitawaondoa. Mama mkwe anarudi Alhamisi, muda upo.

Jumatatu, 9 Juni

Muda haukuwepo.

Verediana alikwenda dukani kwake. Nikachukua chujio la chai, nikakunja mikono. Baridi ya Iringa ya Juni, na maji ya samaki ndiyo kitu pekee cha moto humu ndani, kwa hiyo mwanzo nilifurahi. Watatu wale hawakamatiki. Nilimkamata Askofu mara nne. Mara ya nne alilegea tu, kama aliyekwisha kata tamaa na mimi. Zulia limelowa, soksi zimelowa.

Nikasikia salamu ya Kihehe mlangoni, "Kamwene". Mama mkwe. Lusia kapata binti wa kumsaidia, basi kapanda basi la asubuhi.

Nilisimama na chujio. Akaingia, akakaa kiti cha mbali, akaweka kapu chini. Tukawa wawili. Hakuna Verediana, hakuna Happy, hakuna wa kupitishia neno. Alitazama tangi. Nilitamani zulia linimeze pamoja na soksi zangu.

Kisha akasema na samaki.

"Askofu, pole baba. Hebu muulize huyo mwenye chujio, joho lako kalipeleka wapi."

Nikamwambia Askofu amwambie mama kwamba kulikuwa na ugonjwa wa mapezi mjini. Hapo hapo mmoja wa watatu akaja mbele yetu wote wawili, akang'ata, akaenda zake.

Mama mkwe akamwambia Askofu amuulize huyo mtu, na ile picha ni ya lini.

Sikuweza tena. Niliinamia kioo nikamwambia samaki kila kitu. Abdul, sita, watatu, kioo, picha. Nikamwambia nimeona aibu mpaka kwenye sala. Nikamwambia nilitaka mama aingie kwa watu siku moja aseme, hili kafanya Aroni. Mara moja tu. Na muda wote huo nilikuwa naongea na samaki.

Mama mkwe akapangusa macho kwa pembe ya khanga, au labda ilikuwa mafua.

"Askofu, mwambie. Bati la jiko langu liliporuka na upepo, Peter alipiga simu kunipa pole. Huyu alipanda juu na mvua ile ile. Alilipigilia vibaya, linavuja mpaka leo, lakini alipanda. Mwambie mimi siku zote husema hivyo kwa watu. Na mwambie asiniletee kitu tena. Chochote."

Akaongeza kwamba mapezi huota. Kisha akaenda jikoni kuchemsha maji, akiniacha na chujio langu. Nililia kidogo. Naandika tu kwa sababu hakuna atakayesoma.

Alhamisi, 12 Juni

Abdul mwenyewe kaja na wavu, kawatoa watatu kwa dakika moja, hakusema neno. Ningependa angesema.

Tangi limerudi kwa mama mkwe. Askofu anakula, na ncha nyeupe zimeanza kuota. Mimi nimebadilika. Nimemwambia Verediana, mipango basi. Kasema amesikia.

Ila leo nikiwa narudi kutoka kwa mama mkwe nimefikiri. Mwewe anachukua vifaranga vyake, na yeye anaishi peke yake. Nimempata mtu mwenye bata bukini wawili, dume na jike, wakali mno, mwewe hasogei. Mwenyewe anasema wasiachwe uani na kuku wenye vifaranga, na wana tabia ya kumzuia hata mwenye nyumba asiingie kwake. Wauzaji wana maneno. Nitawaachia uani kwake Jumapili mama akiwa kanisani, akirudi ashangae.

Alisema asiletewe kitu. Bata bukini si kitu, ni ulinzi. Na nimeshaulizia Mbeya: Peter hajawahi kumpelekea mtu bata bukini.