Vitanda Kwenye Njia ya Mama

Jumanne, 8 Julai 2025

Baridi kali. Daktari amesema tena: sukari ya Mama haitashuka kwa vidonge peke yake, lazima atembee kila siku. Rahisi kusema! Leo asubuhi Mama alijifunga khanga vizuri, akachukua fimbo, akatoka. Hakufika mbali. Bajaji ilimpita karibu mno, ikamvuta khanga. Karudi, akakaa jikoni, akasema hatoki tena. Sukari na imuue akiwa amekaa, ndivyo alivyosema.

Nimeumia. Mimi ndiye mwanawe pekee hapa Mfaranyaki, Songea, na karakana yangu ya vitanda iko mbele ya nyumba. Barabara yetu ina njia ya miguu pande zote mbili, imejengwa vizuri kabisa. Upande wetu nimepanga vitanda vyangu. Upande wa pili Gaspari, mchomelea mageti, ameegemeza mageti yake. Sasa mzee wa watu apite wapi? Barabarani! Kosa ni la Gaspari. Nimemfuata nikamwambia aondoe mageti, mama yangu apate pa kupita. Akajibu kwamba ataondoa siku nitakayoondoa vitanda. Kiburi gani hicho! Kitanda kisipoonekana hakinunuliwi. Geti hata likikaa uani ni geti tu.

Alhamisi, 10 Julai

Dawa ya mwendo kasi ni tuta. Nimelijenga mwenyewe alfajiri kwa udongo wa kichuguu niliouchota Mshangano. Maji kidogo, nikalishindilia kwa mguu wa kitanda. Tuta la kiume! Mama alichungulia mlangoni, akauliza kama sasa vyombo vya moto vitapunguza fujo. Nikamwahidi.

Wa kwanza kuligonga ni guta la magurudumu matatu lililobeba kitanda changu kwenda kwa mteja. Kitanda kimepasuka ubavu. Wa pili ni afisa wa manispaa, na pikipiki yake. Hakuanguka, ila alishuka amefura, akaniamuru nilifukue mbele ya mtaa mzima. Nikiwa nimeinama na jembe, akauliza vitanda vile vilivyoziba njia ni vya nani. Nikasema sijui. Gaspari alicheka hadi akavua miwani yake ya kuchomelea.

Jumamosi, 12 Julai

Nimepata! Nimekumbuka msiba wa mzee Selestine. Turubai likifungwa barabarani, nani anapita kwa fujo? Bodaboda anazima injini na kusukuma. Malori yanazunguka. Watoto wanacheza katikati ya lami. Barabara yenye msiba ndiyo salama kuliko zote mjini.

Tatizo ni marehemu. Nimemchagua Baba Mdogo Romanus wa Tunduru, mdogo wake Baba. Yuko mbali na hajakanyaga Songea miaka mingi. Mtaani nimesema amefariki ghafla. Mama nimemwambia ni msiba wa fundi mwenzangu. Oliva, mke wangu, amesema huu ni uchuro. Wanawake hawaoni mbali.

Turubai limesimama. Mungu wangu, kimya kile! Fulgence, yule dereva wa bodaboda anayepita hapa kila siku kama anafukuzwa, alishuka, akavua helmeti, akasukuma. Na Mama akatoka. Alitembea katikati ya lami hadi genge la Violet, akachagua nyanya, akapiga soga, akarudi polepole bila kugeuka nyuma hata mara moja. Amesema leo naye amejiona mtu. Nilikwenda nyuma ya karakana nikalia.

Jumapili, 13 Julai

Aibu. Baada ya misa jumuiya nzima imekuja na unga, kuni na maharage. Mwenyekiti, Mama Monika, akaenda moja kwa moja kwa Mama, akampa pole ya kufiwa na shemeji. Mama akapiga simu Tunduru kuwapa pole wafiwa. Aliyepokea ni marehemu.

Mama aliweka simu chini. Kisha akaniambia mbele ya wote kwamba hakuhitaji turubai wala msiba. Angeridhika na vitanda kusogezwa tu. Hasira zilikuwa zinamsemea, nimemsamehe. Jumuiya imeondoka na unga wake. Turubai limeshushwa, na Fulgence amepita mbio kuliko zamani. Baba Mdogo anapiga simu. Sijapokea.

Jumatano, 16 Julai

Mama aliionja barabara, ikamkaa moyoni. Leo asubuhi alitoka peke yake kwenda kwa Violet. Alipofika kwenye kitanda changu cha sita kwa sita, akashuka kwenye lami ili akizunguke. Nilisikia breki, halafu nikamsikia Mama akiniita kwa jina.

Gaspari alifika kwanza. Tulimlaza juu ya ubao tukamkimbiza hospitali. Mguu umevunjika chini ya goti. Fulgence alikaa chini kando ya pikipiki, analia, anarudia kusema kwamba bibi alitokea nyuma ya kitanda, hakumwona. Watu wote walinitazama mimi. Kwa nini mimi? Daktari anasema kwa umri wake na sukari yake, kupona ni kwa kuomba Mungu. Naogopa. Mama ndiye mzazi niliyebaki naye.

Jioni Gaspari ameingiza mageti yake yote uani.

Alhamisi, 24 Julai

Mama yuko nyumbani na plasta mguuni. Daktari anataka aanze kusimama mapema kwa magongo, la sivyo huenda asisimame tena. Nimemchongea ya mninga, nimeyapiga msasa hadi yanateleza mkononi. Ameyashika, akanishukuru. Halafu akauliza njia ikoje. Nikamwambia Gaspari ameondoa mageti, upande wake uko wazi hadi kwa Violet. Mama akatabasamu, mara ya kwanza tangu aumie. Amesema kesho Oliva amvushe, akajaribu hatua chache kule.

Waliokuja kumjulia hali wameyasifu sana magongo, nami nimechonga jozi nyingine za kuuza. Tatizo ni mahali pa kuyaweka. Upande wetu umejaa vitanda, na kwenye ule wa Gaspari nafasi inakaa bure, tena jua linaupiga vizuri. Mchana nimevusha vitanda kadhaa nikavipanga kule, na magongo nikayaegemeza mbele yavyo, ili mgonjwa yeyote atakayepita asiache kuyaona.