Drili ya Homa Bay Yaja Kuniokoa

Jumatatu, 14 Julai
Imefika! Drili ya kusimama, chuma kitupu, imezaliwa kabla yangu. Nimeitoa Homa Bay, tukabadilishana na baiskeli yangu. Mwenye nayo alicheka mpaka akashika ukuta. Anadhani amenipata. Maskini! Ina kutu kidogo tu. Sawa, ina kutu kila mahali isipokuwa kwenye plagi.

Mpango ni huu. Kanisa letu hapa Migori linataka viti mia mbili vya chuma vya makambi, ile mikutano yetu ya kila mwaka. Jumapili saa nne kamati itapita, na mwenye drili inayotoboa sawasawa atapewa kazi. Tuko wawili: mimi, na Roseline wa karakana ya jirani, ambaye drili yake inang'aa kwa kujionyesha. Nikikosa, Kemuma mke wangu amesema tunafunga mizigo twende Kehancha kwa kaka yake Benard, nikatundike majani ya tumbaku. Mimi! Msabato wa kizazi cha tatu!

Jumanne, 15 Julai
Roseline amekuja bila kualikwa. Ati nichomoe plagi kwanza. Ati nipige picha kila hatua, nitie alama kila kipande, na kichwa cha mashine nikiegemeze kwa gogo kabla ya kulegeza bolti yoyote. Nimemshukuru sana. Mjanja huyo, anataka nichelewe!

Nimeanza na rangi. Samawati, mara mbili. Kamati ni watu, na watu huangalia rangi. Haikushika kwenye kutu. Imeshika vizuri sana kwenye mikono yangu.

Jumatano, 16 Julai
Nimefungua. Plagi niliiacha ukutani, kwani swichi si nilikuwa nimezima? Kumbe haitoshi. Bega linatetemeka mpaka sasa.

Halafu springi. Hii ni ile ya kurudisha juu keekee, yaani ncha inayotoboa; ni utepe wa chuma uliojikunja ndani ya kifuniko. Roseline alipiga kelele kutoka kwake kwamba hiyo hulegezwa polepole, na glavu, na miwani. Nikatumia bisibisi. Iliruka, ikapita karibu na sikio langu, ikatoboa bati la ukuta. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba drili yangu haitoboi.

Alhamisi, 17 Julai
Vipande thelathini na kimoja. Sijatia alama hata kimoja, viko vyote kichwani. Nimeviloweka kwenye mafuta ya taa ili kutu iachie. Nilikosa ndoo, nikachukua ile sufuria kubwa ya Kemuma. Yuko sokoni, hatajua.

Ijumaa, 18 Julai
Amejua kuwa sufuria haipo. Ijumaa ndiyo siku ya kupika chakula cha Sabato, jua lisizame kabla hakijaiva, na kesho Mzee Caleb, mwenyekiti wa kamati, anakula kwetu. Nimeisuuza haraka nikairudisha. Kwa maji. Sabuni ilikuwa mbali.

Nimeunganisha mchana kutwa. Vimebaki vipande saba, nadhani ni vya akiba. Kichwa nilikuwa nimekipandisha nusu, nimekifunga kwenye boriti kwa kamba ya kuanikia nguo, jua likazama. Sabato imeingia! Spana chini. Sitamkosea Mungu kwa sababu ya bolti nne. Kusema kweli mgongo uliniuma, na Sabato haijawahi kuja kwa wakati mzuri hivi.

Sabato, 19 Julai
Mzee Caleb alikula kijiko kimoja cha githeri, akasukuma sahani kando. Akauliza kwa upole kama siku hizi tunapikia stovu ya mafuta ya taa. Kemuma aliniangalia mimi.

Saa tisa, kishindo nyuma ya nyumba! Kamba imekatika. Kichwa kiko chini, meza ya drili imepasuka, na kile kigoda ninachokalia nikifanya kazi kimekuwa kuni. Roseline ni Mkatoliki, Jumamosi huwa kazini, akafika kabla yangu. Akakitazama kigoda muda mrefu.

"Omera," akaniambia, yaani ndugu yangu kwa Kijaluo, "ungekuwa umekaa hapo, saa hii tungekuwa tunakulilia."

Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Lakini nilimkumbusha kwamba sikuwa nimekaa hapo, nilikuwa nimepumzika kama inavyotakiwa. Kwa hiyo mpango wangu ulifanya kazi. Kemuma akasema hata Sabato ng'ombe akiingia shimoni hutolewa. Nikamwambia drili si ng'ombe. Tukaiacha ilale pale.

Jumapili, 20 Julai
Niliamka mapema, nikapandisha kichwa nikakifunga, nikaziba ufa wa meza kwa gundi, nikapaka rangi juu. Kamati ilipofika nilitoa hotuba nzuri kuhusu vyuma vya zamani. Mzee Caleb akaomba tundu moja tu. Nikawasha. Drili ikanguruma, ikaanza kutembea yenyewe kuelekea kwa mweka hazina. Ni Roseline aliyerukia plagi. Kazi imekwenda kwake. Upendeleo mtupu!

Kemuma hakugomba. Ningependa agombe. Alitoa masanduku, akaanza kukunja nguo za mtoto wetu Joyline, akijifuta macho kwa mkono wa gauni akidhani sioni. Ilinichoma. Nikavuka ua mwenyewe, nikamwomba Roseline kazi yoyote.

"Utashika vyuma nikitoboa, na kupanga viti," akasema. "Mashine yangu usiiguse, baba Joyline. Hata kwa kitambaa."

Nikaapa. Kemuma akarudisha masanduku juu ya kabati.

Jumanne, 22 Julai
Siku yangu ya pili kazini. Nimeshika vyuma vizuri sana, Roseline mwenyewe amekiri. Asubuhi Kemuma alinifungia chapati mbili, akaimba jikoni, jambo ambalo sijalisikia tangu Pasaka.

Roseline amekwenda Homa Bay kutafuta keekee, atarudi saa kumi. Ameniachia karakana. Mama mwema, ila nani alimdanganya kwamba anajua mashine? Drili yake ukiitegea sikio ina kasauti. Kembamba, mtu asiye na uzoefu wangu hawezi kukasikia. Nimeona nimfanyie wema bila kumwambia. Niliapa, ndiyo, lakini niliapia mashine nzima, na mashine nzima haitoi sauti, ni kitu kimoja tu humo ndani.

Vipande ishirini na sita viko sakafuni. Kasauti bado sijakaona. Mzee Caleb amepiga simu sasa hivi, kamati yote inapita saa nane kuona viti vya kwanza vikitobolewa. Waje! Safari hii watajua fundi ni nani.