Gari la Mafunzo na Fahali wa Shinyalu

Leo nimejiaibisha mbele ya umati mzima na fahali mmoja. Nawaandikia mapema, kabla video haijawafikia, kwa sababu mkiiona bila maelezo mtadhani nimerukwa na akili. Maelezo yapo. Ni marefu kidogo. Nivumilieni.

Wengi wenu mnajua kwamba ninasomea shahada ya uzamili katika sayansi ya udongo, na kwamba nimeahidiwa kazi ya kukusanya sampuli katika mashamba ya miwa upande wa Malava. Kazi ina sharti moja: mkusanyaji aendeshe pikapu ya mradi mwenyewe, nayo pikapu hiyo ni ya gia za mkono. Mtihani wa leseni ni Alhamisi. Anayeamua nani apelekwe mtihani ni mwalimu wangu wa udereva, Bwana Ambani, ambaye alikuwa aifunge orodha yake leo saa sita mchana. Hadi jana jioni jina langu halikuwamo. Asipoliandika, kazi inakwenda kwa mwenzangu wa darasani ambaye ameendesha trekta la baba yake tangu utotoni na hanyamazi kuhusu jambo hilo.

Si kwamba sijui kanuni. Kwenye ule ubao wenye mji mdogo, ambapo mwanafunzi husukuma kigari cha kuchezea huku akiulizwa maswali, sijawahi kukosea mzunguko hata mmoja. (Kigari cha kuchezea hakina klachi.) Nimechora ramani ya gia na kuibandika ukutani juu ya kitanda changu kule Shirere. Nimeorodhesha kila mara gari lilipozima mikononi mwangu, pamoja na mwinamo wa barabara. Katika wiki tatu limezima mara sitini na moja. (Ndiyo, ninalo jedwali.) Bwana Ambani aliliona jedwali hilo wiki iliyopita, akalirudisha upesi kama mtu aliyeshikishwa kitu cha moto.

"Wewe unafikirianga sana," akaniambia. "Mguu haina digrii. Wacha ifanye kazi."

Basi leo tuliondoka Lurambi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla bodaboda hazijajaa mjini. Nilivuka mji mzima nikizima mara mbili tu. Bwana Ambani aliguna kwa namna ambayo niliichukulia kuwa sifa. Tukaingia njia ya Shinyalu. Kwenye kilima kimoja chenye kona kali kule juu, nikaachia klachi mapema. Gari likatikisika, likakohoa, likazima katikati ya barabara. Nikavuta handbreki.

Hapo ndipo tukasikia ngoma.

Kwa wasiotoka huku, naomba nieleze. Siku ya mapigano ya mafahali, fahali hapelekwi uwanjani kimyakimya. Anasindikizwa kwa miguu, kwa ngoma za isukuti, filimbi na nyimbo, mwenye fahali akitembea ubavuni na fimbo yake. Ukikutana naye njiani, wewe ndiye unayepisha. Na mapigano yenyewe hayana alama wala dakika za nyongeza. Mafahali wawili wanasimama uso kwa uso. Anayerudi nyuma ameshindwa. Basi.

Bwana Ambani aliposikia ngoma zile, uso wake ulibadilika ukawa wa mtoto siku ya sikukuu. Alisema huyo lazima awe Inspekta, kwamba anamjua mwenyewe wa huyo fahali tangu zamani, na kwamba angeenda tu hapo konani kumwona akipita. Nilimuuliza mimi nifanye nini.

"Usifanye kitu," akasema, akafunga mlango.

Kutofanya kitu ni agizo gumu kwa mtu wa aina yangu. Nilianza kuchunguza hali. Gari lilikuwa limeziba barabara. Upande wa kushoto kulikuwa na mtaro, wa kulia ua wa mtu. Umati ungelazimika kujigawa, na fahali hakuonekana kuwa mnyama wa kujigawa. Kama ningesogea nusu mita tu kushoto, nafasi ingetosha. Nusu mita. Nikawasha injini, nikatia gia ya kwanza, nikaachia handbreki.

Wakati huohuo umati ukatokea konani, Inspekta akiwa mbele. Alikuwa mweusi, mwenye shingo nene kama pipa. Mguu wangu ukashtuka, ukaachia klachi yote.

Gari liliruka mbele hatua mbili. Likazima.

Inspekta akasimama. Sikujua wakati huo, lakini hivyo ndivyo fahali anavyomtangazia mwenzake vita: anaruka hatua mbili, anasimama, anangoja jibu. Jibu lilikuja. Aliinamisha kichwa na kuanza kuparua udongo. (Udongo mwekundu, wa mfinyanzi, wenye chuma kingi. Samahani. Ni mazoea.) Ngoma zikanyamaza.

Mtu mwenye akili timamu angetulia. Mimi niliwasha tena ili niondoke. Gari likaruka tena, na safari hii kiwiko changu kikagonga honi. Nimeelezwa baadaye na wataalamu waliokuwapo kwamba kuruka kwa kwanza kulikuwa salamu, lakini kule kwa pili kulikuwa na matusi ndani yake.

Umati ukafanya kitu ambacho sitakisahau. Haukukimbia. Ulijipanga pande mbili, kando ya mtaro na kando ya ua, ukatuachia uwanja. Nilimsikia mzee mmoja akiwakanya waliotaka kumzuia fahali.

"Muwache," alisema. "Wapimane."

Nyuma ya vichwa vya watu nilimwona Bwana Ambani akipunga mikono yote miwili.

"Daktari, rudi nyuma! Rudisha gari nyuma!"

(Mimi si daktari bado. Hata katika hali ile nilitamani kumsahihisha.)

Gia ya kurudi nyuma katika gari lile inataka ubonyeze kijiti chini, ukivute kushoto, kisha ukisukume juu. Kwa wiki tatu sijawahi kuipata bila mkono wa mwalimu juu ya mkono wangu. Leo Inspekta alipiga hatua moja mbele, na gia ikaingia yenyewe kama kijiko kwenye uji. Sikufikiri. Nadhani ni mara ya kwanza tangu shule ya msingi. Niligeuza shingo, nikatazama kioo cha nyuma, nikateremka kilima kinyumenyume, mtaro upande huu, ua upande ule, mstari umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Inspekta alinifuata kwa mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni asiyetakiwa. Huko chini palikuwa na lango la boma. Nikaingiza gari humo kinyumenyume kwa mkupuo mmoja, nikavuta handbreki, nikatoa gia.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Nilipata kama sekunde mbili za fahari.

Kisha umati ukalipuka. Mwenyewe wa fahali aliinua fimbo juu. Filimbi zikapigwa, ngoma zikarudi kwa kasi, na mwimbaji akawa ameshatunga wimbo kabla sijafungua mkanda. Ulikuwa wa Kiluhya, lakini maana niliipata yote: Inspekta ameshinda gari, gari limekimbilia boma la watu, na ndani yake alikuwamo msomi. Kwa kanuni za uwanja ule hakukuwa na lolote la kubishania. Nilikuwa nimerudi nyuma.

Wakapita mbele ya lango wakicheza. Simu nyingi zilielekezwa kwangu, na nyuma ya mojawapo nikauona uso ninaoujua. Ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ninayemfundisha maabara kila Jumanne.

"Madam, ni wewe?"

Nilimwambia si mimi.

"Sawa, madam," akasema, akaendelea kurekodi.

Mwisho akaja mwenyewe wa Inspekta, mzee mpole mwenye kofia ya sufu. Alipitisha mkono dirishani akanisalimu kwa heshima zote.

"Pole, mama. Usione haya. Hata wenye wanakujanga na ng'ombe ya kweli, wanaendanga tu hivyo."

Nikamshukuru.

Bwana Ambani alirudi msafara ulipokwisha kutokomea. Aliketi, akafunga mkanda, akatazama mbele huku mabega yakimtikisika. Nilianza kumweleza habari za upana wa barabara na ile nusu mita. Akainua kiganja nikome. Akatoa daftari mfukoni.

"Mimi nimefundisha watu miaka mingi," alisema. "Hakuna mwenye amewahi kurudisha hii gari hicho kilima chote bila kugusa mtaro. Hata mimi sijajaribu."

Akaandika jina langu. Niliitazama kalamu hadi herufi ya mwisho. La saba kwenye orodha, na herufi zote ni sahihi. Nilitaka kulia.

"Lakini Alhamisi," akaongeza akifunga daftari, "mtahini akisema uende mbele, jifanye ng'ombe iko nyuma yako."

Tulipoanza safari ya kurudi, gari lilizima palepale langoni, kisha tena kabla ya kufika lami. Ushauri wake nimeutafakari tangu saa nne asubuhi, na nimefikia hitimisho kwamba kujifanya hakutatosha. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkishamaliza kucheka, niulizieni huko mliko: ninahitaji fahali wa kuazima, Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi.