Miiba ya Kimiminika Cheusi

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa chuo katangaza: Ijumaa wageni wanakuja, na maabara itakayowavutia zaidi itahamia chumba cha ghorofani. Chumba kina madirisha manne. Mimi nimetunza maabara ya fizikia miaka kumi na mmoja katika chumba kisicho na hata tundu. Mpinzani ni mmoja tu, mtunza maabara ya baiolojia, tunayemwita Bwana Vyura. Yeye ana mifupa ya mtu mzima iliyoning'inizwa. Mimi nina chupa ya kimiminika cheusi: mafuta yenye chembe za chuma ndogo ajabu, jicho halizioni. Ukisogeza sumaku chini ya kisahani, kinatulia, kinatulia, halafu ghafla kinasimama miiba. Mifupa imekwisha kazi.

Jumanne, 4 Juni
Nimepima kutwa. Sumaku ikifika sentimita tatu chini ya kisahani, miiba inaota yote kwa pamoja. Kila mwiba umezungukwa na wenzake sita, kama vyumba vya sega la nyuki. Ukiirudisha sumaku nyuma kidogo, miiba haikubali kulala. Inalala kwenye tatu na nusu. Nimeiita Kanuni Yangu. Mwalimu wa fizikia alinieleza kwa upole kuwa jambo hilo linajulikana tangu zamani, limo vitabuni. Nikamjibu kuwa mimi vitabu hivyo sijavifungua, kwa hiyo nimegundua mwenyewe. Akaondoka. Nadhani amekubali.

Jumatano, 5 Juni
Kisahani ni kidogo, wageni wa nyuma hawataona kitu. Nilileta sinia la chuma kutoka nyumbani. Sumaku ikaling'ang'ania, na kimiminika juu yake kikalala kama mgonjwa. Sinia limemeza nguvu yote. Sikuvunjika moyo. Nimechukua bakuli pana la kioo la mke wangu, alilopewa na shangazi yake, bila kumsumbua kwa maswali. Kimiminika hakikutosha, nikaongeza mafuta ya kupikia. Miiba ikawa vipele.

Alhamisi, 6 Juni
Mke wangu aliuliza bakuli liko wapi. Nilisema liko katika utumishi wa sayansi. Akasema, "Baba watoto, nalitaka kama lilivyotoka." Dawa ya vipele ni sumaku kubwa. Nimeipata nyuma ya spika ya ukumbini. Kuifungua kumenilia saa nzima, lakini miiba sasa inasimama kama askari wa gwaride. Bwana Vyura alichungulia mlangoni. Nilimwona akimeza mate.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeng'ara. Ukumbi mzima uliona miiba ikiota. Mgeni rasmi, mama mmoja mwenye gauni jeupe, aliinama akasema taratibu, "Kama kinapumua." Kifua kilinijaa. Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilitaka waione nguvu kamili, nikaitoa sumaku chini na kuipitisha juu ya bakuli. Kimiminika kikaruka. Nusu kikashika sumaku, nusu kikashika gauni. Bakuli likaniponyoka, likavunjika. Mkuu akakimbilia kipaza sauti aombe radhi. Spika haikutoa hata mkwaruzo. Bwana Vyura, mwenye sauti ya mnadani, akapanda kiti na kuomba radhi kwa niaba ya chuo kizima. Amepewa chumba. Na makofi pia.

Jumamosi, 8 Juni
Mke wangu hasemi nami. Shangazi yake anasema kwa niaba yake, tangu asubuhi. Mlinzi wa chuo kaniletea barua ya onyo. Nimeisoma mara tatu. Mstari wa pili umeandikwa "utafiti wako". Utafiti! Miaka yote hii ofisi haijawahi kuniandikia neno hilo. Nimeitia barua kwenye fremu na kuitundika sebuleni, karibu na picha ya harusi. Kosa nimeliona: chombo kilikuwa kidogo. Shemeji yangu ana bafu la kujilaza, la plastiki, refu kama mtu. Amesafiri kwa wiki mbili. Ufunguo ameniachia mimi, nimwagilie maua.