Mlinzi wa Mwendelezo

Jumatatu, 3 Juni
Wameichukua! Wameichukua sebule ya shangazi! Mwongozaji wa filamu kaingia, kautazama ukuta uliobanduka rangi, kashika kifua, kasema ndiyo hii hii. Sisi watu wa maeneo, tunaotafuta nyumba, kupanga magari na kubembeleza majirani wazime redio, tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Meneja wetu, Mama Ova (kila sentensi anaimalizia na "ova", hata akiwa hajashika redio ya mkononi), katangaza kwamba wiki hii atateua msaidizi wake. Ni mimi au mwenzangu Miwani. Miwani ana daftari la kalamu za rangi tatu. Mimi nina shangazi! Kwisha habari yake.

Jumanne, 4 Juni
Wamepiga nusu ya tukio: mjane anasoma barua sebuleni. Nusu ya pili keshokutwa. Nililia mlangoni mpaka mtu wa sauti akaniomba nikamalizie kilio nje. Jioni Mama Ova kaniita, tena mbele ya Miwani! Kasema kesho ni mapumziko, sebule iko mikononi mwangu, na kazi yangu ni moja tu, kulinda mwendelezo. Nikasema sawa, bosi. Miwani akauliza kama nimeelewa. Wivu huo, si bure. Kuna nini cha kutoelewa? Nihakikishe wanaendelea kupiga hapa hapa, wasihamie nyumba nyingine.

Jumatano, 5 Juni
Mapumziko yangu wapi! Nimeamka na jua. Nani ataendelea kupiga filamu kwenye ukuta ule? Nimepaka bluu, mara mbili. Pazia nimefua, nimepiga pasi. Kochi nimeligeuza litazame dirisha. Shangazi kapiga vigelegele, kasema mumewe alimwahidi rangi miaka kumi na moja, aliyetimiza ni mimi. Jamani, raha! Nilimpigia simu Miwani nimringie kidogo. Hakupokea.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa. Mwongozaji kaingia, katoka, kaingia tena. Kauliza kama ndiyo nyumba yenyewe. Dada anayetunza picha za kila tukio kaleta picha ya juzi, kaishika kando ya ukuta. Ndipo nikaelezwa, na watu wanne kwa mpigo, kwamba mwendelezo ni kila kitu kubaki kama kilivyokuwa, hadi mikunjo ya pazia. Mjane hawezi kuanza barua kwenye ukuta uliobanduka akaimalizia kwenye bluu! Miwani kaja na msasa, majivu na birika la chai ya rangi. Kakwangua, kapaka, kanyunyiza. Mchana wakapiga. Shangazi alikaa jikoni, hataki kuniangalia. Kasema angalau ule wa zamani ulibanduka wenyewe. Hapo niliumia kweli. Saa kumi Miwani katangazwa msaidizi. Nimempa mkono, basi tu.

Jumamosi, 8 Juni
Sijafukuzwa! Mama Ova kanipa nafasi ya mwisho. Nikivuruga tena nikatafute kazi nyingine, ova. Nalinda gari bovu uani kwenye gereji. Jana walilipiga likifuka moshi, Jumatatu wanamalizia pale shujaa anapolisukuma hadi kwao. Safari hii sifundishwi kitu! Nimelipiga picha pande zote. Sijafuta hata vumbi. Miwani kapita na daftari lake, kalinganisha, kakosa kasoro. Nimemwona akimeza mate!

Ila nimewahurumia wanaume wanane watakaolitoa hapa hadi barabarani. Migongo ya watu ile! Nimemwita shemeji, fundi. Kafungua boneti, kakaza hiki, kabadilisha kile. Limewaka! Moshi hakuna hata chembe! Boneti nimeifunga vilevile, vumbi lipo vilevile. Mwendelezo kwanza! Jumatatu nitalileta mwenyewe, napiga honi. Mwaka huu lazima wateue wasaidizi wawili.