Jiko Lililotangazwa Kuwa la Moto

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, Nchelenge yote mpaka Kabuta, kwamba jiko la umeme la Nyumba ya Wageni ya serikali sasa ni la moto. Tangazo lilitoka kwa Kamati ya Maendeleo ya Upishi. Mwenyekiti wake, Bwana Rodwell Kasonde, alilitia sahihi mbele ya jiko lenyewe, ambalo lilikuwa baridi.

Sababu ilijulikana. Mazuti yote, yaani dizeli ya jenereta, yalitiwa kwenye Landrover, nayo ikaenda mjini Mansa kumleta fundi achunguze kwa nini jiko halipati moto.

"Kosa ni la mpishi," alieleza Mwenyekiti. "Mama Emilienne, umezoea mbabula ya makaa. Hii inataka mutu wa maendeleo. Kesho isipopika, utavuka ziwa, urudi kwenu Kilwa ya ng'ambo."

"Ndiyo, Bwana," alisema Emilienne, mjane mwenye wajukuu wa kulisha. Akalipangusa jiko taratibu, kama anayemwosha mgonjwa.

Kesho yake waliingia wanawake wakiimba, vyungu vya chakula kibichi kichwani. Mbele yao alikuwa Bana Mulenga, yaani Mama Mulenga, mchuuzi wa samaki wa Kabuta, mama mkwe wa Mwenyekiti. Alileta matebeto, chakula cha heshima ambacho wakwe humpikia mume wa binti yao, naye hawezi kukataa hata tonge moja.

"Tulisikia mukwe wetu ana jiko ya moto. Tutapikia hapa."

"Mama," alinong'ona Emilienne, "haina moto. Leo wananifukuza."

Bana Mulenga akaweka kiganja juu ya jiko, akakiacha hapo. Kisha akamega muhogo wake wa kuchoma, akampa Emilienne nusu.

"Mukwe amesema ni ya moto. Mimi ni nani, nimupinge?"

Wakapika. Saa sita wakapakua, kamati nzima ikitazama. Kuku alikuwa mweupe. Bukari, ugali wao, ilikuwa ya kunywa. Samaki alionekana bado anawaza ziwa.

Mama mkwe, ambaye kwa heshima hasemi na mkwe uso kwa uso, aligeukia ukuta.

"Mama Emilienne, muulize mukwe wangu: jiko ya serikali imepika, ama haikupika?"

Mwenyekiti aliitazama kamati. Akatafuna. Akaendelea kutafuna.

"Mwambie limepika. Vizuri sana."

"Basi mupishi hana kosa?"

"Hana kosa," alisema Mwenyekiti, macho yamemtoka. "Hana kosa hata kidogo."

"Aksanti," Bana Mulenga aliuambia ukuta kwa upole. "Mama Emilienne, ubakie na kazi yako. Sasa muongezee mukwe wangu paja."