Mashine ya Amin na Risasi ya Bama

"Mmesikia?" Redio aliingia hotelini kwa Kalondu kabla hata ya kusalimia. "Huko Makueni mtu amechimbua chungu kizima cha rupia za kitambo! Ni mashine. Inapita juu ya mchanga, ikisikia chuma inalia!"

Redio alikuwa Mwangangi, lakini jina hilo lilibaki la kanisani. Pale Zombe, mwaka ule wa sabini na tisa, kila mnywa chai wa Kalondu alibatizwa upya. Muthama, aliyepigana vita vya Mfalme Joji huko Burma, aliitwa Bama, na ndiye peke yake aliyekalia kiti chenye mgongo. Wengine walibanana kwenye benchi. Kiti alipewa kwa heshima ya risasi: Mjapani alimpiga pajani wakitazamana ana kwa ana, na risasi ikakataa kutoka.

"Uongo mtupu," akasema Bama.

"Uongo gani, mzee? Amin wa Kitui mjini anayo. Ameshinda mtoni akitafuta shaba. Anakuja kunywa chai saa hii."

Ndolo kinyozi, ndiye Wembe kwa sababu ya ulimi wake, akaweka kikombe chini. "Ngojeni kwanza. Kama inasikia chuma kwa udongo, si itasikia hata kwa nyama?"

Macho yote yakatua kwenye paja la Bama.

Bama akavuta koti lake chini. Risasi ilikuwamo, haki ya Mungu. Shida ilikuwa mahali ilipokaa. Miaka thelathini na tano alikuwa ameihamisha kwa mdomo kutoka makalioni mpaka pajani, na haikuwahi kulalamika. Sasa akikataa kupimwa, ni mwongo. Akikubali, ni mwoga.

"Hiyo mashine ni ya kutafuta shaba, si ya kutafuta wazee!"

"Risasi nyingine zina ganda la shaba, mzee wangu," akasema Amin, akiinama mlangoni na fimbo yenye sahani kwenye ncha. "Na wallahi haiumi."

"Haiumi!" Wembe akadakia. "Aliyekabili Mjapani ataogopa sahani?"

"Mpimeni, lakini vikombe vyangu visivunjike," akasema Kalondu.

Paja la kulia, kimya. La kushoto, kimya.

"Aiyee!" Wembe akapiga makofi. "Tumelishwa porojo tangu tukiwa na meno ya utotoni! Toka kwa hicho kiti!"

Redio alikuwa ameshashika mgongo wa kiti. Bama aliumia moyo kweli. Woga alikuwa nao, lakini risasi hakuibuni. Akasimama, akawapa mgongo, akainua koti.

"Pitisha hapa."

Mashine ikalia mpaka kuku wakatoka mbio chini ya meza.

"Kumbe Mjapani alikuwa nyuma?" akauliza Wembe.

"Ndiyo. Na mimi nilikuwa mbele ya kikosi kizima, tukirudi."

Benchi likatikisika kwa kicheko. "Ulitoroka!"

"Kama mbuzi aliyeona fisi. Wenzangu Mbuvi na Kivuva ndio walisimama wakamwangalia usoni. Hao walikuwa wanaume, na walizikwa hukohuko. Nendeni basi mkawaulize chai ya Kalondu iko na sukari ngapi."

Redio akaachilia kiti. Kalondu akakipangusa kwa leso yake.

"Kaa, mzee," akasema. "Lakini polepole, hapo unakalia shaba."